Mfundishe Mwanao Kuihoji Mashine

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa mama mmoja mchuma chai anayeishi Amani, kule juu katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Kila alfajiri, ukungu ungali umetanda juu ya misitu, mama huyu hubeba kikapu chake mgongoni na kwenda shambani. Jioni majani yake hupimwa, naye hulipwa kwa kilo. Kwa kuwa ni mtu mwangalifu, ana kijitabu kidogo ambamo huandika kilo zake za kila siku. Jumamosi moja kijitabu hicho kinaonyesha hivi: Jumatatu kilo 31, Jumanne 28, Jumatano 35, Alhamisi 24, Ijumaa 33, na Jumamosi yenyewe 29.

Binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, ameazima kompyuta ya mjomba wake. Amefundishwa kutunga programu, yaani kuipangia kompyuta hatua za kufuata, na leo anataka kumfurahisha mama yake.

"Mama, nitajie kilo zako moja moja," anasema. "Mashine itakujumlishia."

Mama anazitaja zote sita. Binti anazibonyeza kwa makini. Kisha mashine inajibu kwa tarakimu kubwa: 29.

"Mwanangu," mama anasema, "Jumatatu peke yake nilipima 31. Inakuwaje juma zima liwe 29?"

Binti anaitazama mashine, kisha anakitazama kijitabu. Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye jambo ninalotaka tulizungumze leo. Mbele ya mtoto huyu kuna njia mbili. Anaweza kusema kwamba mashine haikosei, na kwa hiyo huenda mama ndiye aliyeandika vibaya. Au anaweza kuifungua programu yake, akaisoma hatua kwa hatua, na kuihoji: umefikaje hapa?

Mama na binti hawa nimewabuni, lakini kosa lenyewe sikulibuni. Huwapata wengi sana wanaoanza kazi hii, wakubwa kwa wadogo. Wala si jambo la kuchekelea tu. Siku hizi familia zetu zinaishi kwa hesabu zinazofanywa na programu: mizani inayoonyesha tarakimu, simu inayokata ada tunapotuma fedha, mita ya umeme inayohesabu uniti. Kila moja ya hizo inafuata hatua zilizopangwa na binadamu, na binadamu hukosea. Asiyejua kwamba hatua hizo zinaweza kuulizwa hana budi kulipokea kila jibu kama lilivyo. Anayejua, ijapokuwa si fundi, ana neno la kusema.

LUGHA YA MATOFALI

Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kuiamuru kompyuta alilazimika kuandika mistari mirefu ya maneno na alama, aghalabu maneno yaliyotokana na Kiingereza, na nukta moja ikikaa mahali pasipo pake kazi yote ilikwama. Kwa mtoto hiyo ilikuwa mitihani miwili kwa wakati mmoja: kufikiri sawasawa, na kuendeleza maneno ya lugha ya kigeni bila kosa hata moja. Wengi walishindwa mtihani wa pili kabla hawajaufikia wa kwanza.

Miongoni mwa watu waliotaka kumpunguzia mtoto mzigo huo alikuwa Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Baada ya kufanya kazi mjini Geneva pamoja na Jean Piaget, mtaalamu maarufu wa namna watoto wanavyofikiri, Papert alikwenda katika chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig na Bibi Cynthia Solomon walikuwa miongoni mwa waliobuni Logo, lugha ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya watoto. Katika Logo mtoto humwamuru kobe: nenda mbele hatua kadhaa, geuka kulia, rudia mara nne. Kobe akienda hivyo huchora mraba. Mtoto akikosa la kuamuru, husimama mwenyewe, akatembea sakafuni kama kobe, na kuyahesabu mageuko yake. Kwa namna hiyo mwili wake unakuwa mwalimu wake.

Katika chuo hicho hicho, mwaka 2007, Mitchel Resnick na wenzake walitoa lugha nyingine iitwayo Scratch. Hii ni lugha ya picha. Amri zake haziandikwi. Zimekwisha kuandikwa juu ya vipande vya rangi ambavyo mtoto huvishika kwa kipanya, akavipanga kimoja chini ya kingine kama mwashi apangavyo matofali. Amri za mwendo ni za buluu, za kuanzisha kazi ni za manjano, za kukokotoa ni za kijani. Tofali la kuuliza swali la ndiyo au siyo lina pembe sita, na tundu la umbo hilo halipokei tofali la duara. Yanayofaa kushikana hushikana, yasiyofaa hukataa. Toleo lake la tatu lilitoka Januari 2019. Lugha hii haiuzwi, ni ya bure, na mtu anaweza kuiweka ndani ya kompyuta akaitumia hata mahali pasipo na intaneti. Wadogo wa miaka mitano hadi saba wana ndugu yake iitwayo ScratchJr, ambayo matofali yake yana michoro badala ya maneno.

Jambo la kutufurahisha zaidi ni kwamba Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Scratch. Mtoto huchagua lugha, na maneno yaliyo juu ya matofali yakageuka. Kwa hiyo binti wa Amani anaweza kufikiri kwa lugha anayofikiria kila siku.

Lakini tusidanganyike. Umbo la tofali linazuia kosa la tahajia; halizuii kosa la fikra. Matofali yanaweza kushikana vizuri mno, nyumba ikasimama, na mlango ukawa umewekwa juu ya paa. Programu ya binti yetu ilishikana bila taabu yoyote. Hata hivyo ilisema 29.

KOPO LIITWALO JUMLA

Tuifungue basi programu yenyewe. Nitatoa maana ya amri, si maneno hasa yanavyosomeka juu ya kioo. Binti alipanga hivi:

Bendera ya kijani ikibonyezwa, anza.
Rudia mara 6 mambo haya mawili:
— uliza "Kilo ngapi?" na usubiri jibu;
— fanya Jumla iwe sawa na jibu.
Ukimaliza, sema Jumla.

Ukiisoma haraka utaona kila kitu kipo: kuanza, kuuliza, kurudia, kujibu. Kosa limejificha katika neno moja, nalo ni "iwe".

Jumla, katika lugha ya wataalamu, ni kibadilika: mahali ambapo kompyuta huhifadhi thamani inayoweza kubadilika. Sisi tuliite kopo. Amri ya kusema "fanya Jumla iwe sawa na jibu" maana yake ni hii: mwaga kila kilichomo ndani ya kopo, kisha tia jibu jipya. Jumatatu kopo lilitiwa 31. Jumanne 31 zikamwagwa, zikatiwa 28. Jumatano 28 zikamwagwa, zikatiwa 35. Ikaenda hivyo hadi Jumamosi, 33 zilipomwagwa na kutiwa 29. Mashine ilipoulizwa kuna nini ndani ya kopo, ilijibu ukweli mtupu: 29.

Angalia basi, ndugu msomaji, kwamba mashine haikudanganya wala haikuharibika. Ilitii. Mtumishi mwenye akili angeshangaa na kusema, "Bibi, mbona unaniambia nimwage?" Mashine haishangai. Haijui kwamba hizi ni kilo za chai, kwamba mama ameumwa na mgongo juma zima, wala kwamba kutokana na jumla hii utanunuliwa unga. Inajua kumwaga na kutia.

Binti akigundua hayo, atachukua tofali jingine lililo jirani, lisemalo "ongeza katika Jumla". Hili halimwagi; linatia juu ya kilichomo. Analibadilisha, mama anazitaja kilo zake upya, na mashine inajibu: 209.

HESABU ILIYOBAKI TANGU AWALI

Sasa jibu limekuwa kubwa mno. Mtoto asiyefundishwa vizuri hapo hukata tamaa, au huanza kubadilisha matofali ovyo ovyo, hili na lile kwa pamoja, akitumaini bahati. Mtoto aliyefundishwa vizuri huuliza: je, kosa hili linaniambia nini?

Mama, kwa kalamu yake, amekwisha kujumlisha pembeni mwa kijitabu: 31 na 28 ni 59, ukiongeza 35 ni 94, ukiongeza 24 ni 118, ukiongeza 33 ni 151, ukiongeza 29 ni 180. Jibu la haki ni 180. Mashine imesema 209. Tofauti yake ni 29. Nambari hiyo tumekwisha kuiona! Ni jibu la mara ya kwanza, lililobaki ndani ya kopo bila kumwagwa. Scratch haimwagi kopo lako kwa kuwa tu umeanza upya. Hukaa nalo lilivyo mpaka uliamuru. Na laiti binti angeiendesha tena bila kubadilisha kitu, ingesema 389, yaani 209 na 180.

Kwa hiyo anaongeza tofali moja la kumwaga: "fanya Jumla iwe sawa na 0". Lakini analiweka ndani ya mzunguko, juu ya swali, ili lirudiwe mara sita pamoja na mengine. Mashine inajibu: 29.

Mama anacheka. Binti hacheki, anainamisha kichwa. Hapa ndipo mzazi anapohitajika, wala hahitajiki kwa ufundi wa kompyuta. Anahitajika kuuliza swali moja: "Mwanangu, hebu nisomee polepole, kopo linamwagwa mara ngapi?" Mtoto anasoma. Linamwagwa kila siku! Linamwagwa Jumatatu kabla ya kupima, Jumanne kabla ya kupima, mpaka Jumamosi. Tofali ni lile lile sahihi, lakini limekaa pasipo pake. Analitoa ndani ya mzunguko, analiweka juu yake, chini kidogo tu ya bendera, ili limwage mara moja kabla ya juma kuanza.

Mashine inajibu: 180. Kijitabu na mashine vimepatana.

MDUDU NDANI YA MASHINE

Wataalamu wa kompyuta kote duniani huiita kasoro ya programu "mdudu", na kuitafuta huita kutoa wadudu. Neno hilo lilikuwa likitumiwa na mafundi wa mitambo kwa maana ya hitilafu hata kabla ya kompyuta. Lakini tarehe 9 Septemba 1947, katika kompyuta kubwa iitwayo Mark II huko Harvard, Marekani, mafundi walimkuta nondo halisi amekwama ndani ya mtambo. Walimbandika kwa utepe katika daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa hadi leo. Kisa hicho kilienezwa na Bibi Grace Hopper, mwanamama aliyekuwa miongoni mwa wataalamu wa mashine hiyo na ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wakubwa wa lugha za kompyuta.

Amani ni mahali panapofaa kukumbushia kisa hiki. Tangu Wajerumani walipoanzisha pale taasisi ya mimea na kilimo mwaka 1902, na baadaye Amani ilipokuwa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki, milima ile imeona watu wengi waliokaa na wadudu kwa subira: kuwakusanya, kuwahesabu, kuandika tarehe na mahali walipopatikana. Hakuna aliyemtafuta mbu kwa kupiga piga hewa. Walitafuta nyumba kwa nyumba, wakaandika walichokiona, wakalinganisha.

Kutoa wadudu ndani ya programu kunataka subira ya aina hiyo hiyo, na kanuni zake zinaweza kuandikwa katika karatasi moja ikabandikwa ukutani.

Kwanza, kabla ya kubonyeza bendera, sema unategemea jibu gani. Asiyetegemea kitu hawezi kushangaa, na asiyeshangaa hagundui kosa.

Pili, anza na mfano mdogo unaoujua. Tia kilo 1 kwa kila siku. Jibu lisipokuwa 6, kuna jambo.

Tatu, tazama kopo linavyojaa. Katika Scratch mtoto akitia alama kando ya jina la kibadilika, thamani yake huonekana juu ya kioo muda wote. Binti angeona mapema 31 ikigeuka 28 badala ya kupanda hadi 59, naye angejua kasoro iko katika mzunguko wa pili, si mahali pengine.

Nne, badilisha kitu kimoja tu, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu na jibu likapona, hutajua ni dawa ipi iliyoponya.

Tano, msomee mtu mwingine programu yako kwa sauti. Mara nyingi kosa hujitokeza mdomoni kabla msikilizaji hajasema neno.

KOSA LISILOPIGA KELELE

Makosa tuliyoyaona yalikuwa na fadhila moja: yalionekana. Mtu yeyote angejua kwamba 29 haiwezi kuwa jumla ya siku sita. Yako makosa mengine ambayo hukaa kimya, nayo ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Tuseme Jumamosi inayofuata binti ameondoka kwenda kwa shangazi yake, na mdogo wake anaiendesha programu. Kilo ni zile zile. Mama anataja "kilo thelathini na moja", naye mtoto, kwa bidii na adabu, anabonyeza "31 kg", kama alivyofundishwa shuleni kwamba jibu lisiachwe bila kipimo chake. Scratch hutambua tarakimu peke yake. Ikikuta tarakimu zimechanganyika na herufi mahali inapotakiwa kujumlisha, huihesabu thamani hiyo kuwa 0, tena bila kulalamika. Mashine itajibu 149. Kilo 31 zimepotea, na hakuna taa iliyowaka.

Jibu la 149 linaonekana la kawaida kabisa. Si dogo mno wala si kubwa mno. Kama mama asingekuwa na kijitabu, angelikubali, na jasho lake la Jumatatu lingepotea kwa sababu ya herufi mbili.

Dawa yake ipo. Binti anaweza kuongeza tofali la "kama": kama jibu, likisha kujumlishwa na 0, ni kubwa kuliko 0, liongeze, kama sivyo, sema "Tafadhali andika tarakimu tu, bila herufi." Lakini mara moja mama atauliza swali la maana: "Na siku nisiyokwenda shambani kwa sababu ya mvua? Siku hiyo ni 0 ya kweli." Naam! Basi inampasa mtunzi wa programu kutofautisha 0 ya mvua na 0 ya makosa. Na juma lenye siku tano je? Hapo ni afadhali kuuliza kwanza, "Umepima siku ngapi?" na kurudia kwa idadi hiyo, badala ya kuifunga mashine katika 6. Kwa swali lake moja la kawaida mama ameiboresha programu kuliko ambavyo mtaalamu asiyewahi kuchuma chai angeweza. Hivi ndivyo programu njema zinavyotungwa: anayejua matofali na anayejua kazi wameketi pamoja.

KISWAHILI NA WATOTO WA TANGA

Huenda mtu akasema kwamba mambo haya ni ya watoto wa mijini, nasi wa milimani tungoje kwanza. Mkoa wa Tanga una jibu lake. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, kwa muda wa miezi 15, ulifanyika hapa mkoani jaribio la shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili na hesabu, vikichajiwa kwa nguvu za jua. Wengi wao walikuwa hawajapata kwenda shule. Mwezi Mei 2019 ushindi wa dola milioni 10 uligawanywa kati ya makundi mawili, onebillion na Kitkit School. Masomo yale yalikuwa ya kusoma, kuandika na kuhesabu, si ya kutunga programu. Hata hivyo yalionyesha kwamba mtoto wa kijijini akipewa chombo kinachosema lugha yake haogopi kukishika, na hujifunza. Na katika Jiji la Tanga lenyewe pamejengwa STEM Park, mahali pa watoto kujifunza sayansi na ufundi kwa kuvigusa vitu kwa mikono yao.

Tusisahau pia historia yetu wenyewe. Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya matatizo yaliyotokana na kuzitumia mashine hizo katika hesabu zake. Marufuku hiyo iliondolewa zamani, na leo mashine zimejaa hata mifukoni mwetu. Lakini funzo lake halijachakaa: mashine isiyo na mtu wa kuielewa ni hasara, hata ingekuwa na kasi ya umeme. Wakati ule kompyuta zilikuwa chache na wazielewao walikuwa wachache. Leo kompyuta ni nyingi. Je, wazielewao wameongezeka kwa kiasi hicho?

NYUMBANI, HATA BILA KOMPYUTA

Msomaji usiye na kompyuta nyumbani usiuweke ukurasa huu kando. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kichwani, na inaweza kuchezwa jioni ya mvua, umeme ukiwa umekatika, kwa vitu vilivyomo jikoni.

Kata vipande vya karatasi na uandike juu ya kila kimoja amri moja: "Anza", "Rudia mara 6", "Uliza", "Mwaga kopo", "Tia juu ya kilichomo", "Sema". Tafuta kopo tupu na kete za bao, au punje za mahindi. Mtoto mmoja awe mtunzi, naye apange karatasi. Mwingine awe mashine. Sharti la mashine ni moja: hairuhusiwi kuwa na busara. Ifanye kilichoandikwa tu, hata kama ni upuuzi. Karatasi ikisema mwaga, imwage. Watoto watacheka sana kete zikimwagika kila mara, lakini katika kicheko hicho watakuwa wameliona kwa macho kosa la binti wa Amani. Kisha wabadilishane nafasi.

Anayecheza bao hana shida ya kulielewa jambo hili. Kabla ya kunyanyua kete huzihesabu kwa macho, shimo kwa shimo, ajue ya mwisho itaangukia wapi. Ikiangukia kwingine, hasemi bao ni bovu. Hurudia hesabu yake.

Familia yenye kompyuta au kishikwambi ina mambo mengine machache ya kuzingatia. Mtoto anapokwama, mzazi au kaka mkubwa asimnyang'anye kipanya na kumalizia mwenyewe. Kufanya hivyo ni sawa na kumtafunia chakula. Amwulize tu: ulitegemea nini, na umepata nini? Mtoto asichekwe kwa kukosea, kwani programu iliyokosea na kusahihishwa inamfundisha zaidi kuliko iliyonakiliwa ikafanya kazi mara ya kwanza. Akiitumia Scratch kwa intaneti, ambako watoto wa nchi nyingi huonyeshana kazi zao, asiandike jina lake kamili, shule yake wala namba ya simu.

Na jambo moja zaidi, nalo nalisema kwa akina baba na akina mama pia. Katika nyumba nyingi jioni ya mtoto wa kiume ni yake, lakini jioni ya msichana humezwa na ndoo za maji, kuni na kumbeba mdogo wake. Kompyuta ikiazimwa kwa saa mbili, yeye huifikia dakika kumi za mwisho. Tumemtaja Bibi Solomon, tumemtaja Bibi Hopper. Hakuna aliyezaliwa akijua. Walipata nafasi na muda, wakautumia. Basi gawanyeni kazi za jioni kabla ya kugawanya saa za kompyuta.

Turudi kwa mama na binti yake kule Amani. Programu sasa inasema 180, na binti amefurahi. Anakishika kijitabu cha mama yake na kuuliza, "Mama, sasa hiki tukitupe? Mashine imekwisha kujua."

"Usikitupe, mwanangu," mama anajibu. "Bila hicho tungejuaje kwamba ilikosea?"

Nami nakuachia neno hilo, ndugu msomaji. Mpe mwanao matofali, mpe na kijitabu. Siku moja atasimama mbele ya mzani, au dirisha la malipo, au kioo cha simu, na jibu litakalotokea halitakuwa sawa na jasho alilotoa. Siku hiyo asiseme tu kwamba mashine ndivyo ilivyosema. Afungue kijitabu chake, na kwa adabu aombe asomewe hesabu hiyo hatua kwa hatua.